Kirungu, Mji wa Mlimani

Katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za parokia yetu: kupandwa kwa msalaba wa kwanza, majina ya mapadri waliopita hapa, hesabu ya wabatizwa na ya ndoa. Sisi walimu tumeombwa kuandika kidogo juu ya mambo ya mbele zaidi, nasi tumekubaliana kuwapeleka Kirungu, mji ule wa mlimani ambao wazee wetu waliuita Baudouinville. Hatukuuchagua kwa kupenda safari tu. Walimu wa kwanza waliofika kwetu, wakiwa na katekismu, kengele na mkeka wa kulalia, walikuwa wamefunzwa na watu waliotoka kule. Basi anayefanya yubile ya mti ni vizuri aende kuangalia na mizizi.

Mgeni anayetoka Kalemie kwa njia ya maji anashuka Moba, bandarini. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari. Nyuma ya Moba nchi inainuka mara moja kuelekea Marungu, ile milima mipana inayopita mita 2000. Kirungu imekaa katikati ya hayo mawili: imeacha joto la kando ya ziwa, lakini haijafika kwenye baridi kali ya Marungu yenyewe. Sisi tulipanda kwa miguu, maana lori tuliloahidiwa halikuonekana, na tunawashauri wengine wafanye vivyo hivyo hata kama lori lipo. Mtu anayepanda polepole anafahamu mwenyewe kwa nini wale wa kwanza waliacha mchanga wa pwani wakaja kujenga juu: upepo unabadilika, mbu wanapungua, udongo unakuwa mzito na mweusi. Akifika juu na kugeuka nyuma, anaona maji mpaka yanapochanganyika na mbingu. Na siku ya hewa safi anaona ng'ambo, milima ya Tanzania, kama mstari mwembamba.

Kwanza tuseme juu ya jina. Misioni ilianzishwa mwaka 1893 na padri Victor Roelens, Mpadri Mweupe, Mflamand wa kijiji cha Ardooie, aliyezaliwa mwaka 1858. Jina la Baudouinville lilitolewa kwa heshima ya Baudouin, mtoto wa ndugu yake mfalme Leopold II, kijana ambaye watu wa Ubeleji walitazamia kwamba siku moja atatawala, lakini alikufa mwezi wa kwanza 1891 akiwa na miaka 21 tu. Mdogo wake aliitwa Albert, naye ndiye aliyepata ufalme baadaye. Na jina lake lilipewa Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Hivi ndugu wawili wa Brussels, ambao mmoja hakuona ziwa letu hata kidogo, waligawana miji miwili ya kando yake. Majina hayo yameondoka. Watabwa na majirani wao hawakuacha kamwe kusema Moba na Kirungu, na jimbo la Kanisa linaitwa Kalemie-Kirungu: mji wa chini na mji wa juu pamoja.

Kitu cha kwanza kinachoshika macho ni kanisa kubwa la matofali ya kuchoma. Wageni wana desturi ya kuuliza: ni nani aliyelijenga? Wanajibiwa: Monsinyori Roelens. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Roelens aliwekwa kuwa mkubwa wa Vikarieti ya Kongo ya Juu mwaka 1895, akapewa uaskofu mwaka 1896, akaongoza mpaka 1941, akafa hapohapo Baudouinville mwezi wa nane 1947. Alikuwa mtu wa kazi, mkali, asiyependa mambo ya nusu, na alitaka misioni yake isimame kwa nguvu zake yenyewe. Mafurere walifundisha useremala, uashi, uhunzi. Lakini askofu hakanyagi udongo. Ninyi mliochoma matofali mnajua kazi yenyewe ilivyo: kuchimba, kumwaga maji, kukanyaga kwa miguu mpaka udongo uwe kama unga wa bukari, kujaza kiunzi, kuanika, kugeuza, kupanga tanuru, kukata kuni, na kulinda moto usiku na mchana. Wanawake ndio waliopanda na mitungi. Watoto walibeba tofali mojamoja kichwani toka tanuru mpaka kwenye ukuta. Tuliposimama karibu na ukuta ule tulijaribu kuhesabu matofali ya mstari mmoja, tukaacha.

Majina ya watu hao hayakuandikwa popote ukutani. Tunalisema hilo bila uchungu, lakini tunalisema, sababu na katika parokia yetu kuna wazee waliobeba mawe ya msingi na ambao hakuna kitabu kilichowataja mbele ya hiki.

Kutoka kanisani mtu anakwenda kwenye majengo ya masomo, na hapo moyo wa mwalimu unasimama kidogo. Mwaka 1899 seminari ndogo ilifunguliwa Mpala, kando ya ziwa. Wakati huo Kongo ilikuwa bado mali ya Leopold mwenyewe, na wengi huko Ulaya walicheka kusikia kwamba watoto wa Marungu watafundishwa Kilatini. Sisi tuliopita katika seminari ndogo miaka mingi nyuma yao tunajua uzito wa mambo hayo: kutaja "rosa, rosae" mbele ya jua kutoka, kisha kwenda shambani na jembe, kisha kurudi kwenye hesabu. Wengi waliondoka. Wengine walirudishwa nyumbani. Mmoja alikaa mpaka mwisho.

Huyo ni Stefano Kaoze, Mtabwa wa nchi ileile. Tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917, hapo Baudouinville, Monsinyori Roelens alimpa upadri. Tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa la Wabeleji, na wakati huo nchi yao karibu yote ilikuwa mikononi mwa Wadachi kwa ajili ya vita. Kaoze ndiye padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu. Tunasema "ya nyakati zetu" kwa kusudi, maana ufalme wa zamani wa Kongo, kule mto unapoingia baharini, ulikuwa na mapadri wake karne nne mbele, hata askofu: Henrique, mtoto wa mfalme Afonso, aliyechaguliwa mwaka 1518. Lakini kamba ile ilikuwa imekatika zamani sana. Ilifungwa tena mlimani hapa.

Ni vizuri vijana wafahamu kwamba Kaoze hakuwa mtu wa altare tu. Alipokuwa bado mseminari, mwaka 1910, gazeti moja la Ubeleji, La Revue Congolaise, lilianza kutoa maandiko yake kwa Kifaransa juu ya namna ya kufikiri na kuhisi ya watu wake, chini ya jina La psychologie des Bantu. Anahesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza kuchapishwa kwa namna hiyo. Katika siku zile Wazungu waliandika vitabu vizima juu yetu, wakigombana wao kwa wao kama Mwafrika ana mawazo marefu au hana. Na hapo kijana wa Marungu anaandika mwenyewe, kwa lugha yao, nini tunachokifikiri. Si kila neno lake tutalipokea leo, sababu alikuwa mwanafunzi wa walimu wake na mara nyingine anaangalia wakubwa wake kwa macho yao. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake. Baadaye alisafiri Ulaya pamoja na Roelens, akaongoza misioni ya Manda, akafa mwaka 1951. Mbele ya kufa aliona mapadri wengi Wakongo nyuma yake.

Juu ya lugha tuongeze neno moja. Watu wanafikiri kwamba Kingwana kilikaa kandokando ya Tanganyika toka mwanzo wa dunia. Sivyo. Kilikuja na wafanya biashara wa pwani ya mashariki, waliopita Tabora na Ujiji na kuvuka ziwa kwa mashua za matanga, wakitafuta pembe za ndovu na watu. Wamisionari walijifunza kwanza Kitabwa, na padri Auguste Van Acker alitoa kamusi ya Kitabwa mwaka 1907. Lakini kwa kufundisha makabila mengi pamoja walichukua lugha ambayo watu wa mbali walikuwa wanaisikia tayari. Hivi lugha iliyofungua njia ya minyororo ikawa lugha ya katekismu, na ndiyo tunayoiandika sasa.

Karibu na Kirungu kuna Misembe. Hakuna jengo kubwa huko, na wageni wa haraka wanapapita. Sisi tulitaka kufika kwa sababu ya Kapiteni Joubert. Léopold Louis Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Katika ujana wake alikuwa askari wa Papa huko Italia. Nyuma ya kuanguka kwa utawala wa Papa mwaka 1870 alirudi kwao, na mwaka 1880 alijitoa kwa Kardinali Lavigerie kuja kulinda misioni za Tanganyika. Safari yake ya pili ilimfikisha Mpala mwezi wa tatu 1887. Hakuwa padri, hakuwa furere. Alikuwa mlei kama sisi. Mwezi wa pili 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hii, kwa sakramenti ya ndoa. Hatukosei tukisema kwamba katika miaka ile, na miaka mingi nyuma yake, Wazungu wengi waliishi na wanawake wetu bila kuwapa jina la mke. Joubert alimpa, akazeeka naye, akazaa naye watoto, akazikwa katika nchi yake.

Kazi yake ilikuwa ya bunduki, tusiifiche. Aliwafundisha vijana wa vijiji vya misioni kupigana na makundi ya wawinda watu, waliotegemea nguvu ya Rumaliza wa Ujiji. Wakati Lavigerie alipokuwa anahubiri katika miji ya Ulaya juu ya kukomesha utumwa, mwaka 1888, Joubert alikuwa anahesabu risasi zilizobaki. Msaada wa Kapiteni Jacques, aliyetumwa na Wabeleji, haukufika ziwani mpaka mwaka 1891. Kisha vita vilipoisha Joubert hakuondoka. Alikaa Saint-Louis ya Mrumbi, akihukumu mashauri, akifundisha katekismu, akitibu wagonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa usingizi ulienea pwani ya ziwa na vijiji vingi vikahamishwa. Mwaka 1910 yeye akaja Misembe. Mwishoni alikuwa kipofu. Alikufa tarehe 27 ya mwezi wa tano 1927, akiwa na miaka 85.

Kwa kuwa tumetaja walei, hatuwezi kumpita Adrian Atiman, ingawa yeye alikaa Karema, ng'ambo ya Tanzania. Alizaliwa mbali, karibu na mto Niger. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alikuwa mganga na mwalimu wa dini hapo mpaka alipokufa mwaka 1956, karibu miaka 67 mahali pamoja. Walimu wa leo wanaolalamika kwa kuhamishwa, na wanaolalamika kwa kutohamishwa, wote wawili wamfikirie.

Vita vya baadaye havikuiacha Kirungu. Katika maasi ya mwaka 1964 Albertville ilitekwa, na nchi yote ya ziwa ikatikisika. Mwezi wa kumi na moja 1984 askari wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila, waliingia Moba. Jeshi la Zaire likairudisha kwa nguvu, na mwezi wa sita 1985 waliingia tena. Kila mara wenye bunduki walibadilishana, na mwananchi wa kawaida akaulizwa na pande zote mbili kwa nini alikuwa rafiki wa wengine. Wazee wa Moba wanaeleza miaka hiyo kwa sauti ndogo. Hatukuwalazimisha kueleza zaidi.

Sasa tushuke. Yeyote anayetembelea Kirungu asifikiri amemaliza mbele ya kufika Mpala, pwani, upande wa kaskazini, karibu na mdomo wa mto Lufuko. Mji wa mlimani ulizaliwa huko chini. Na huko ndiko kuna neno gumu kuliko yote ya safari yetu, ambalo tumejadiliana kati yetu kama linafaa kuwekwa katika kitabu cha sikukuu. Tumeona linafaa.

Mwezi wa tano 1883 afisa Mbeleji Émile Storms, mtu wa Association Internationale Africaine ya Leopold, alivuka ziwa toka Karema, akafanya undugu wa damu na sultani Mpala, akajenga boma. Juu yake, katika milima, alikuwako Lusinga. Huyu Lusinga alikuwa mkubwa wa ukoo, mwenye bunduki nyingi, aliyekuwa anawinda watu na kuwauza kwa wafanya biashara wa mashariki. Mwingereza Joseph Thomson alimkuta mwaka 1879 na kuandika habari zake. Wababu wetu walimwogopa, na waliokimbia mikono yake walikuwa na sababu nzuri ya kukimbia. Storms naye hakutaka sultani mwenye nguvu pembeni yake, na Lusinga hakutaka mwingine wa kumtawala. Mwezi wa kumi na mbili 1884 watu wa Storms walikwenda kijijini kwake, wakamwua, wakamkata kichwa, wakakileta Mpala.

Storms aliporudi Ubeleji mwaka 1885 alikichukua kichwa kile pamoja naye, na vichwa vya wakubwa wengine wawili, na sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga. Sanamu iliwekwa katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, nayo inasifiwa katika vitabu vya sanaa duniani kote. Mafuvu yalihamishwa mwaka 1964 kwenye taasisi ya sayansi ya viumbe, Brussels, yakawekwa sandukuni. Watu wengi, huko na hapa, hawakujua habari hizo mpaka gazeti moja la Ubeleji lilipozifunua mwaka 2018. Mwaka 2022 sanamu ya kichwa cha Storms, iliyosimama kwa miaka mingi katika uwanja mmoja wa Brussels, iliondolewa.

Mwaka uleule wa 1885 mfalme Leopold aliwakabidhi Mapadri Weupe boma la Mpala na la Karema. Mapadri Moinet na Moncet waliingia katika nyumba ya Storms, wakapokea pamoja nayo askari wake, mashauri yake na utawala wake. Kwa muda walikuwa mapadri na masultani kwa pamoja. Walikusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha, wakawaozesha, wakawapa mashamba. Ndio wazazi wa vijiji vya kwanza vya Wakristu, na kati yao wakatoka walimu. Mema hayo hatuyakani, sisi ni matunda yake. Lakini nyumba ya kwanza walimolala wafikisha Injili wa pwani ile ilikuwa nyumba ambamo kichwa cha mtu kilikuwa kimetunzwa, na wenyeji waliowaona wakiingia walikumbuka jambo hilo vizuri kuliko sisi.

Wenzetu wengine walisema: Lusinga alikuwa mwinda watu, tusimlilie. Ni kweli alikuwa mwinda watu. Hata hivyo mzee mmoja wa Mpala, mkristu wa siku nyingi, alitujibu hivi: "Walimu, mwizi naye anazikwa." Kwa desturi ya Watabwa, na ya kwetu pia, mkubwa asiyezikwa anaacha ukoo wake katika deni, hata ukoo uwe wa wabaya. Na kwa imani yetu tunangojea ufufuko wa miili, bila kuchagua ni ipi. Mzee yule hakusema zaidi; alituonyesha njia ya kurudi ziwani, akatuuliza habari za mvua kwetu.

Kwa wale watakaotaka kufanya safari hii wakati wa yubile au nyuma yake: wachague kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, maana barabara za Marungu zinaharibika vibaya kwa mvua. Wapige hodi kwanza kwa padri wa parokia, na waombe mwenyeji wa kuwafikisha Misembe. Mpala waiache kwa siku ya mwisho, na wasiende kwa mtumbwi upepo wa kusini unapopiga. Wachukue na blanketi: usiku wa Kirungu katika mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi kuliko mtu wa bonde anavyofikiri.